Jina la Kompyuta ya Sebuleni

Faili zilikataa kuvuka Jumatatu, na kufikia Jumatano watu wa boma moja walikuwa hawasalimiani.

Boma lenyewe liko Kitengela, upande wa juu ambako upepo hauna siku ya kupumzika. Ndani ya ua kuna nyumba mbili za mawe. Ya mbele ni ya Soipan, mama mzee ambaye kila mtu humwita Kokoo, yaani nyanya, hata wale wenye boda ambao hawajui neno lingine la Kimaasai. Ya nyuma ni ya Mbeke, mke wa mwanawe, anayekaa na watoto wake wawili, Resian na Moses. Mwana mwenyewe hayupo. Alikufa mwaka jana kwenye barabara ya Namanga, akirudi kutoka kupiga video ya harusi ya watu. Jina lake halitaandikwa hapa, kwa sababu kwa watu wa Kokoo jina la mtu aliyekufa kabla hajazeeka halitamkwi tena. Humwita Baba Resian, basi, na kila mtu anaelewa ni nani.

Baba Resian aliacha kazi yake ndani ya kompyuta kubwa. Aliiweka sebuleni kwa mama yake, maana nyumba ya mbele ndiyo yenye rauta ya waifai na ndiyo ambayo stima yake haichezi-chezi. Harusi zote za Isinya na Kajiado, matanga, watoto kubatizwa, vyote vilikaa humo. Mbeke, huko nyumba ya nyuma, alikuwa akifungua laptop yake anaziona folda za mumewe kana kwamba ziko juu ya meza yake mwenyewe. Anachukua harusi ya mtu, anaikata, anaishona, anairudisha. Faili zilipita hewani, juu ya kamba ya nguo na banda la kuku, na hakuna aliyeziona zikipita.

Kokoo alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi, na mambo ya waifai hakujifanya kuyajua. Lakini kulikuwa na taa ndogo mbele ya ile kompyuta. Ikipepesa-pepesa, alijua Mbeke yuko kazini. Mbeke akiwa kazini, alijua haondoki.

Hicho ndicho kitu kimoja Kokoo alichokuwa akikitaka tangu mazishi: Mbeke na watoto wasiondoke. Ndugu zake Mbeke huko Emali walishamtafutia chumba, hata na mahali pa kuweka mashine. Mbeke hakuwa amewaambia ndiyo wala la. Alimwambia Kokoo waziwazi, siku moja wakichambua sukuma, "Kazi ikienda, Kokoo, niko hapa. Siku itakwama, sitakaa kwa boma ya watu nikiangaliwa kama mgeni."

Kwa hivyo faili zilipokwama, Kokoo alijua ni nini hasa kilichokwama.

Jumatatu hiyo Mbeke aliingia sebuleni akiwa amebeba laptop ikiwa wazi, kama mtu anayebeba sinia la chakula cha moto.

"Kokoo, hii mashine yako iko na stima?"

"Iko. Inanguruma tangu asubuhi."

"Na mimi siioni. Nikiibonyeza inaniambia haijulikani."

"Haijulikani na nani?"

"Na mimi, Kokoo. Na laptop."

Alizima rauta akaiwasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akazima kompyuta kubwa, akazima na laptop, akaziwasha zote mbili akisimama katikati ya sebule kama anayewachunga wezi wawili wasiongeleshane. Folda ilibaki na alama nyekundu. Akiibonyeza, laptop inamwambia haioni njia.

Wakati huohuo simu yake ikalia. Ni mama wa bibi harusi wa Kimana, anataka video, maana wageni wa shukrani walikuwa wameshaalikwa.

"Inakuja, mama," Mbeke alimwambia kwenye simu. "Imebaki kidogo." Akakata, akaiangalia rauta kwa muda. "Nani hulipia hii waifai?"

"Si unajua ni Allan."

"Ninajua. Ndio nauliza."

Allan ni kaka mkubwa wa Baba Resian. Anakaa ploti ya pili, na ua wake umeshikana na huu. Kwenye kikao cha familia baada ya mazishi alisema kwamba kompyuta ni mali ya boma, si mali ya mtu mmoja. Alisema hivyo tu, akanywa chai yake akaenda. Lakini Mbeke aliyaweka yale maneno mahali ambapo hayawezi kupotea.

"Allan hata simu yake humshinda," Kokoo alisema. "Atafunga waifai namna gani?"

"Mtu hahitaji kujua kufungua ndio ajue kufunga."

Jumanne walikutana penye waya wa ua. Kokoo alikuwa akianika nguo na alisikia yote, na angetamani asisikie.

"Shemeji," Mbeke alisema, "nifungulie nifanye kazi."

"Nikufungulie nini?"

"Unajua."

"Mimi nikifunga kitu nafunga na kufuli," Allan alisema. "Na kama ni wewe ningetaka kufunga, ningeanza na mdomo."

"Ndugu yako hangeniambia hivyo." Hapo Mbeke akalitaja jina lake, jina lote, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwita mumewe aje ale.

Allan aligeuza uso kama aliyepigwa na mchanga. "Usiniletee hiyo," akasema, na akaingia ndani.

Kokoo alibaki ameshika shuka iliyolowa. Hakumlaumu Mbeke. Mbeke ni Mkamba. Kwao jina la aliyekufa hupewa mtoto, likaitwa asubuhi na jioni, likaitwa hata kwa matusi. Miaka yote Kokoo alijua hivyo. Kujua ni kitu kingine, na kusikia ni kitu kingine.

Jumatano alijifunga leso, akachukua kibuyu cha maziwa, akaenda mjini mwenyewe kumtafuta Hanad.

Hanad ana duka la kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya soko. Mama yake, Khadijo, hununua mbuzi kwa Kokoo kila Idi, na Hanad mwenyewe alizaliwa Kitengela, kwa hivyo anawajua wazee wote kwa salamu zao.

"Takwenya, Kokoo," Hanad alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Kokoo aliitikia. "Beba vifaa vyako."

"Nini imekufa?"

"Hakuna kilichokufa. Kuna vitu viwili vimekosana, na vikiendelea hivyo nitabaki na nyumba tupu."

Walifika saa za chai. Mbeke alikuwa sebuleni, mikono kifuani. Allan naye alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni akichokonoa meno, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba anashtakiwa na alitaka awepo hukumu ikisomwa.

Hanad aliweka laptop karibu na kompyuta kubwa. Alikuwa mtu wa kuongea akifanya kazi, na Kokoo alimpendea hivyo, maana mafundi wengi hukupa mgongo.

"Kwanza, ziko kwa waifai moja?"

"Moja," Mbeke alisema.

"Sawa. Sasa natuma hodi. Hii laptop inapiga hodi kwa ile kubwa, kwa namba yake, kama namba ya simu. Tuone kama itaitika." Akabonyeza. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. "Imeitika. Tena haraka. Njia iko, mama. Hakuna mtu amefunga njia."

Allan aliacha kuchokonoa meno. "Rudia hiyo," akasema. "Rudia polepole, kuna mtu hapa anahitaji."

"Allan," Kokoo alisema. Allan akarudisha kijiti mdomoni.

"Folda nayo imeachwa wazi? Imeachwa. Ruhusa ya huyu mama iko? Iko." Hanad alikunja uso. "Basi kila kitu iko sawa na haifanyi. Ngoja sasa niite kwa jina, si kwa namba."

Akabonyeza tena. Safari hii hakuna kilichoshuka. Skrini ilikaa kimya, halafu ikatoa mstari mmoja wa kusema hakuna mtu wa jina hilo.

"Haya," Hanad alisema. "Kwa namba inaitika, kwa jina haiitiki." Akahama kwa kompyuta kubwa, akafungua mahali fulani, akafungua tena ndani yake. "Tazameni. Hii mashine inaitwa Sebule. Lakini hiyo laptop inatafuta mashine inaitwa..." Na akalisoma lile jina, kwa sauti, katikati ya sebule.

Kokoo aliinamisha kichwa. Allan alitema kijiti chake nje ya mlango.

Hanad hakuona, alikuwa ameangalia skrini. "Ni mashine ileile. Mtu ameibadilisha jina tu. Sasa laptop inaita jina la zamani, na mwenye jina hayuko. Nani alibadilisha?"

"Ni mimi," Kokoo alisema.

Mbeke aligeuka.

"Si kwa mkono wangu. Ni Florence, nilimwambia." Florence ni binti yake Kokoo, anafanya kazi kwa ofisi ya shamba la maua Isinya, na alikuwa amekuja Jumapili. "Wazee walikuja kuomba na sisi. Florence akataka kuwaonyesha picha za Moses akibatizwa, kwa televisheni. Ile televisheni ikaandika inachukua picha kwa nani. Ikaandika jina. Kubwa hivi. Wazee wako na chai mkononi. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akatoka nje. Nikamwambia Florence aondoe hilo jina kwa mashine. Akabonyeza, ikazima, ikawaka, akasema imetoka. Sikujua kuna kitu kimefungwa hapo. Nilidhani ni kibandiko tu."

Kuku waliingia hadi mlangoni na Allan akawafukuza kwa mguu.

"Kwa hivyo ni wewe," Mbeke alisema.

"Ni mimi."

"Siku tatu nikimtukana huyu."

"Naomba iandikwe," Allan alisema.

"Wewe nyamaza," Kokoo na Mbeke walisema pamoja, na ilikuwa mara ya mwisho kwa wao kusema kitu pamoja.

Hanad alikohoa. "Si kitu kikubwa. Nikitaka naacha jina jipya, naionyesha laptop iite Sebule. Ama narudisha la zamani, na hakuna mtu atahisi chochote. Zote ni dakika. Nyinyi mniambie tu."

"La zamani," Mbeke alisema.

"Mama Resian," Kokoo alisema, "amesema hata jipya litafanya."

"Nimesikia vile amesema. Hiyo mashine aliiandika jina yeye mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa hapo." Alionyesha kiti. "Tulicheka. Alisema watu wakitafuta kazi yake wampate. Sasa wewe umemtoa, Kokoo. Hata hukuniuliza."

"Kwetu ndivyo tunavyomheshimu mtu."

"Na kwetu mtu asipoitwa ndio amekufa kabisa. Mimi nikiwa nyumba ya nyuma, hakuna mtu huwa anamtaja. Watoto wakimtaja mnaangalia chini. Moses aliniuliza baba alifanya makosa gani."

Kokoo hakujua hilo la Moses. Lilimwingia polepole.

"Sikutaka kukuumiza," alisema.

"Najua. Ungetaka kuniumiza ningeelewa. Hukunifikiria, ndio inaniuma. Ulifikiria wazee na chai yao."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa hutafuta haraka jibu, na kuna mengine ambayo ukitafuta jibu unajikuta unayapima na kuona uzito wake ni sawasawa. Kokoo aliketi. Aliiangalia ile taa ndogo ya mbele ya kompyuta, ilikuwa imekaa tu bila kupepesa. Alifikiria jina la mwanawe likikaa ndani ya nyumba yake, kwenye ukuta wake, likiitwa na mashine mchana kutwa. Mama yake mzazi angeihama nyumba kama hiyo. Halafu akafikiria nyumba ya nyuma ikiwa na kufuli.

"Rudisha," alimwambia Hanad.

"Yeyo," Allan alisema. Hilo ni neno la mama, na kwa mwaka mzima hakuwa amelitumia kwa sauti hiyo. "Hapana. Si kwa sebule yako."

"Ni sebule ya nani?"

Allan alitoka. Mabati ya lango yalisikika.

Hanad aliandika herufi moja baada ya nyingine, na sasa alikuwa ameelewa, kwa hivyo hakusoma kwa sauti. Kompyuta ikazima, ikawaka. Akaiinamia laptop, akabonyeza. Ile alama nyekundu ikaondoka kama haijawahi kuwepo. Folda zikajipanga: Isinya, Kajiado, Kimana.

"Imekubali," alisema. Alikataa kulipwa, akachukua kibuyu cha maziwa ampelekee mama yake, akaenda zake haraka kama mtu aliyeingia msibani kwa bahati mbaya.

Kokoo alipumua. Alidhani yameisha. Alisimama aweke chai.

Mbeke hakurudi nyumba ya nyuma. Alitoa kwenye mfuko wa sweta diski ndogo nyeusi, akaichomeka kwenye laptop, akaketi kwenye kile kiti. Kwenye skrini kukatokea mstari wa kijani, mfupi sana. Na taa ya kompyuta kubwa ikaanza kupepesa, haraka kuliko Kokoo alivyowahi kuiona.

"Ni kazi ya Kimana hiyo?" Kokoo aliuliza.

"Ni zote."

"Zote unazipeleka wapi?"

"Kwa diski yangu, Kokoo."

Mstari wa kijani ulisogea kidogo. Kokoo aliendelea kusimama na sufuria mkononi.

"Lakini imefunguka," alisema. "Jina limerudi. Nimekubali."

"Umekubali leo, na nashukuru." Mbeke hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Kokoo. "Lakini nimeona. Kazi yangu, chakula ya watoto, iko kwa nyumba yako, na siku yoyote mgeni akiweka kikombe chini inaweza kufungwa, na mwenye kufunga hata hatajua amefunga. Siwezi kukaa hivyo. Hata kama unanipenda."

"Ninakupenda."

"Ndio nimesema hata kama."

Walikaa. Chai ilichemka ikamwagika, Kokoo akaifuta. Mstari ulikuwa umefika nusu. Nje, Resian alikuwa akimfundisha Moses kuendesha baiskeli isiyo na breki, na sauti zao zilikuja na upepo na kuondoka na upepo.

"Hizo zikienda," Kokoo aliuliza baadaye, "huku kutabaki tupu?"

"Hapana. Zinabaki huku, na zinaenda huko. Ziko mahali pawili."

Kokoo alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Ilikuwa akili nzuri, hiyo ya mashine. Kitu kinaenda na hakiondoki. Akasikiliza tena zile sauti za nje, na hakusema kitu kwa sababu hapakuwa na namna ya kusema kwamba watoto hawajaumbwa hivyo.

Video ya Kimana ilifika kwa wenyewe kabla ya shukrani yao, na walisema ni nzuri. Jumamosi asubuhi ndugu yake Mbeke alikuja na pikapu kutoka Emali. Hawakuwa na vitu vingi. Godoro, meza, masanduku ya shule, na laptop ambayo Mbeke hakutaka iwekwe nyuma, aliishika mapajani. Allan alisaidia kubeba kitanda. Alibeba vizuri, bila maneno, na hakuna aliyemshukuru.

Kokoo aliwaita watoto. Resian aliinamisha kichwa na Kokoo akaweka kiganja chake juu, akamtemea mate kidogo ya baraka, kama alivyofanyiwa yeye na nyanya yake. Moses naye akaja, akafunga macho kwa nguvu kama anayesubiri sindano. "Mkue," Kokoo aliwaambia. "Mkule. Mrudi."

Halafu akageukia Mbeke, kiganja kikiwa bado juu.

Tangu siku aliyoletwa pale akiwa msichana wa Kikamba asiyejua hata kuitikia salamu, Mbeke alikuwa amejifunza hilo kabla ya mengine yote: ukikutana na mama wa mume wako, unainamisha kichwa, anakigusa. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi akija kuchukua maziwa. Alifanya hivyo hata siku ya mazishi, akiwa amefura macho, mbele ya watu wote.

Sasa alisimama wima. Akanyoosha mkono wa kulia, kama watu wanavyosalimiana ofisini.

"Ubaki salama, Mama Allan," alisema.

Kokoo alishusha kiganja, akaushika ule mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi, na ulishikika vizuri.

"Msafiri salama, Mama Resian."

Dereva akawasha gari. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa vumbi jeupe la ploti za juu, na lango lilikuwa likijipigapiga lenyewe kiasi cha kutaka kuikwaruza pikapu. "Mama, tushikie hapo," dereva aliita. Kwa hivyo Kokoo alienda mwenyewe, akalivuta lango hadi mwisho, akaliegemea kwa mgongo, akalishikilia wazi mpaka gurudumu la nyuma likapita.